Taa Kumi na Nne za Fundi wa Dari

Fundi wa dari alikuwa na ugonjwa wa kulala chali. Usimcheke. Mtu aliyekaa miaka ishirini na mitano juu ya ngazi, shingo imepinda, vumbi la jipsamu kwenye kope, akifika kwake ana haki ya kutazama dari akiwa amejinyoosha. Kila jioni alitandika mkeka sebuleni, akabonyeza swichi, na taa kumi na nne zilizozama darini zikawaka kwa mpigo. Hapo akaanza kuelea. Mkeka ukapotea, sakafu ikapotea, ikabaki mianga ya manjano na joto la kusinzisha lililomshukia usoni polepole.

Zote alizipata bure. Siku hizi kila mwenye nyumba anataka LED, na fundi mwenyewe ndiye mshauri: "Hizi za zamani zinakula wati hamsini kila moja, mama. Mpya inakula saba tu, na mwanga ni ule ule. Toa!" Wakitoa, yeye anazifuta, anazifunga kwenye gazeti, anakwenda kuzitobolea matundu kwake. Kinyozi hajinyoi. Tena kila moja aliijua kwao: ile ya pembeni ilitoka kwa daktari wa meno, ile inayopepesa kwa bibi mwenye kasuku. Akaziunga zote kwenye swichi moja, maana nyota, alisema, haziwashwi kwa mafungu.

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa chini ya anga hilo, na mwaka ule macho yalianza kumsaliti. Uzi ulikosa tundu la sindano mara tatu, mara nne. Mapindo yalikwenda upogo. Akaanza kurudisha vitambaa vya wateja, na kila alichorudisha kilimuuma. Mwishowe akapata mnunuzi wa cherehani, wa kuja kuichukua Jumamosi. Mumewe alimhurumia kwa dhati, akiwa amelala chali.

Alhamisi mwenye kazi hakuwepo, fundi akarudi mapema, jua likiwa linazama. Akamkuta mkewe amesimama mlangoni, ameinua sindano kuelekea mwanga uliobaki. Ndani kulikuwa giza.

"Mbona huwashi taa?"

"Nikiwasha, wewe ukirudi utakuta nini?" alijibu bila kugeuka. "Saa tatu za kushona chini ya hizo kumi na nne zako, uniti mbili zimekwenda. Mita ikizima, utaota nini?"

"Tangu lini unafanya hivi?"

"Tangu ulipoziweka. Unazipenda, baba. Mimi nashonea hapa mlangoni, kukiwa giza naacha."

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Akatoka hadi dukani, na kwa mara ya kwanza maishani akanunua taa kwa ajili ya nyumba yake. Moja, ya wati saba. Aliporudi alizima umeme wote, mkewe akamshikia tochi, naye akaziteremsha zile kumi na nne mojamoja. Alizipokea kwenye kiganja taratibu, kama mtu anayechuma matunda ndotoni. Ile ya daktari wa meno aliishika muda mrefu kidogo. Kisha akaichomeka ile mpya juu ya cherehani, akarudisha umeme.

Mwanga ukawa mweupe, mdogo, umetulia pale pale panapohitajika. Darini yakabaki matundu kumi na matatu.

Mkewe akaketi. Akakata uzi, akaulowesha kwa ulimi, akausogeza kwenye sindano. Ukapita. Akauchomoa, akaupitisha tena. Ukapita. Akarudia mara ya tatu, na bado ukapita.

Akainua uso, akamtazama mumewe pale kando ya ngazi.

"Kumbe sikuwa naingia upofu," alisema. "Nilikuwa nimeolewa na fundi."