Kibanda cha Kitambaa na Pembe ya Mfongo

Mwanangu, kila mvua ya vuli inapoanza kupiga mabati yangu, narudi kwenye siku moja ya ujana wangu hapa Uru. Siku hiyo nilikaa mahali pakavu kuliko mtu yeyote kijijini, na ukavu ule nusura uninyang'anye nyumba na waliokuwamo.

Ilikuwa miaka ile mitumba ilipoanza kuingia kwa wingi, soko la Moshi likajaa vitu ambavyo hata wauzaji hawakujua kazi yake. Muuzaji mmoja alifungua robota, akatoa kitu cha duara, bapa kama ungo, chenye rangi ya majani makavu. Alipoilegeza kamba yake, kikaruka chenyewe na kusimama: kibanda kizima cha kitambaa, chenye zipu mlangoni na vidirisha vya wavu pande zote. Watu walikimbia, kisha wakarudi wakicheka. Mmoja akasema ni nyumba ya kuchezea watoto wa Wazungu. Mimi nilijua ni maficho ya mwindaji, kwa kuwa niliwahi kubeba mizigo ya wageni waliokuja kuwinda huko tambarare. Nikakinunua.

Haja yangu ilikuwa hii. Mke wangu, Resti, alikuwa amejifungua binti yetu wa kwanza, na unajua kwetu mzazi halishwi ovyo. Mama yangu alikuwa akimpikia mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi, kila siku, na mtori unataka nyama. Baba yangu mdogo, Epimaki, alikuwa na gobore na kibali cha pongo mmoja, yule swala wa msituni mwenye madoa meupe. Adui wa gobore ni mvua. Baruti ikilowa, ulenge utakavyo, utasikia "tik" na mnyama atakwenda zake. Nikasema kibanda changu kitaitunza baruti.

Tulikisimamisha ukingoni mwa shamba la maharage, juu ya kijiji, mahali pongo hutokea msituni jioni. Baba mdogo alishauri tukiache siku kadhaa, wanyama wakizoee. Hilo nililikubali. Akashauri pia tukifunike matawi juu, ili matone yasikipige kitambaa moja kwa moja. Hilo nililiona la kizee. Nilitaka kibanda changu kionekane. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Siku ya kuwinda mvua ilishuka mapema. Nikaingia na gobore.

"Karibu ndani, baba mdogo, nafasi ipo."

"Nafasi yangu ipo, ya masikio yangu haipo," akajibu. "Kaa wewe na huyo bibi harusi wako mwenye zipu."

Akajikunyata chini ya mti nyuma yangu, gunia mabegani.

Ndani palikuwa raha, sitakudanganya. Mvua ilidunda kwenye kitambaa kama kijiji kizima kinapepeta mahindi. Nilikuwa nimefunga vidirisha vya nyuma, kama nilivyowaona wageni wakifanya, ili mnyama asione kivuli changu. Kikabaki kidirisha kimoja tu, na dunia yangu yote ikawa maharage.

Ndipo pongo akatoka. Dume, manyoya yamelowa na kuwa meusi, akachuma jani moja, akainua kichwa. Nikapitisha mtutu taratibu. Mara zipu ikafunguka nyuma yangu, na mkono wenye maji ukashika gobore.

"Toka."

"Baba mdogo, si unamwona!"

"Namwona. Husikii pembe?"

"Nasikia mvua."

"Ndiyo maana nakuambia utoke."

Nikatoa kichwa nje, nami nikaisikia. Ilikuwa pembe ya mzee wa mfongo. Huo mfongo ni mfereji waliouchimba babu zetu kuleta maji ya mto hadi migombani, na pembe ikilia hivyo, maana yake kingo zimepasuka na kila nyumba itoe mtu. Asubuhi watu walikuwa wameufungulia maji. Mvua ikanyesha kule juu, mto ukajaa kabla hawajaufunga. Na nyumba yangu ilikuwa chini ya mfongo ule. Resti alikuwa kitandani na mtoto.

"Risasi moja tu," nikasema. Ndiyo, mwanangu, nilisema hivyo.

Hakunigombeza. "Huyu atarudi kesho," akasema. "Maji yakipita hayarudi."

Tukakimbia. Yeye alibeba gobore. Mimi, kwa kushindwa kukiacha kitu changu kipya, nilibeba kibanda nimekikunja nusunusu. Tulipofika, wanaume walikuwa wamepanga mashina ya migomba mbele ya ufa, lakini maji yalipenya katikati yake na kuteremka moja kwa moja uani kwangu. Baba mdogo akanipokonya kibanda na kukitupa pale. Kikaruka, kikamgonga jirani yetu Kalisti kidevuni.

"Jamani, linang'ata!" akapiga kelele, na watu wakacheka huku wamezama matopeni.

Wakakilaza juu ya mashina, upande wa maji. Maji yenyewe yakakibana, tukakirundikia udongo na mawe. Kikashika, mpaka wenzetu walioenda juu wakafunga kinywa cha mfongo.

"Kumbe kina kazi," akasema baba mdogo.

Maji yalikuwa yamefika kizingitini, hayajavuka. Resti alifungua mlango, mtoto mkononi, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Pongo yuko wapi?"

"Nimemwacha kwenye maharage."

"Basi na ashibe."

Kesho yake Kalisti alileta mguu wa beberu, na kidevu kilichovimba. Mtori ukapikwa.

Baba mdogo sasa amelala migombani, na kila nipitapo kaburi lake nasema "aika", asante kwa lugha ya kwetu. Nasema asante kwa ajili ya mke, kwa ajili ya binti ambaye leo ni mama, na kwa ajili ya pongo niliyemkosa. Wengi hunionea huruma kwa pongo yule. Mimi sijawahi kumla mnyama aliyenishibisha kuliko yeye.

Sikukatazi vitu vipya, mwanangu. Ukienda kuwinda mvuani na maficho kama yale, yaache yatunze baruti, yafunike matawi juu, na mwache mwenzako nje awe masikio yako. Na katika maisha yako yote, chochote utakachojifunika nacho, iwe kazi, iwe fedha, iwe hivyo vidude vya muziki mnavyotia masikioni, acha upande mmoja wazi, ule unaoelekea nyumbani. Na mtu akikutoa mahali pakavu kwa mkono wenye maji, usimwulize mara mbili.

Mungu akujalie paa lisilovuja, masikio yasiyozibwa, na mtu wa kukaa mvuani kwa ajili yako. Nawe siku moja ukae kwa ajili ya mwingine.