Kidole cha Mzee Kamari

"Mama Mark, yule mzee wa ghorofa ya chini analaani treni," Cheryl, jirani wa Chelagat, alisema, akitoa nguo kwenye mashine ya kufulia. "Nilimwona kwa macho yangu hapa stesheni ya Wheaton. Anazinyooshea kidole, halafu anaita kitu. Nikakemea pepo hapo hapo!"

"Na treni ikafika?"

"Si nilikemea!"

Chelagat alicheka, ila roho haikutulia. Kwao mtu mzima hakunyooshei kidole bure.

Kesho yake aliteremka stesheni kwa lifti, akisukuma kigari cha mtoto. Mzee Kamari alisimama karibu na ukingo wa jukwaa, kidole kikielekea handaki lenye giza. "Salama!" akaita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Nawe umekuja kunikemea?"

Mmarekani huyu mweusi alijifunza Kiswahili darasani uzeeni, akakisema kwa utaratibu, kama anayepanga vikombe. Alimweleza kwamba alienda Japani akiwa askari, akaoa huko, akafagia miaka mingi stesheni ya chini ya ardhi kando ya ngome ya kale ya watawala. Huko mfanyakazi hunyooshea kidole kila anachokikagua na kukitaja kwa sauti, jicho lisimdanganye. Mkewe alipofariki akarudi huku Marekani, karibu na bintiye Zahara, aliyezoea kumpitia Chelagat kumwulizia hali ya baba yake.

"Wageni walipanda juu kuitazama ngome. Sisi tulibaki chini, tuhakikishe wanarudi nyumbani wazima."

Chelagat akaona haya kwa niaba ya Cheryl.

Taa za ukingoni zikaanza kumeta, ishara kwamba treni inakuja. Upepo ukatoka handakini. Mzee akageuka, akanyoosha kidole moja kwa moja kwa Mark, aliyekuwa akitafuna kidoli chake.

"Hakuna kitu. Salama!"

Akapiga hatua. Goti lake likagonga kigari, magurudumu yakakimbilia ukingoni. Chelagat alidaka mpini kwa mikono miwili, akavuta mpaka akaangukia makalio. Treni ikapita mbele ya miguu ya mwanawe ikinguruma.

Mzee aliinama, akapapasa, mkono ukakuta kiatu kidogo cha Mark. Ukaganda hapo.

"Mzee, huoni," Chelagat akanong'ona. "Tangu lini?"

"Tangu theluji ilipokwisha."

"Zahara anajua?"

"Akijua atanipeleka kwenye nyumba ya wazee huko Columbia. Sitatoka tena peke yangu."

Milango ikafunguka, ikafungwa. Treni ikaondoka bila wao. Mark alikuwa analia.

"Binti," mzee akasema, bado amekishika kile kiatu, "Zahara anakuja Jumapili. Atakuuliza wewe, anakuamini. Nakuomba, mwambie naona."