Jiwe la Namba Kumi na Saba

Babu yetu aliletwa pwani kukata mkonge. Aliposhuka kwenye lori alipewa kibati chenye namba, na karani hakumuuliza jina. Watu wa namna yake waliitwa manamba, na hata nilipokuwa msichana neno hilo lilikuwa bado ni tusi hapa Tanga. Kwa hiyo nililichukia neno namba kabla sijajua limetoka kwa Waingereza, na sijaona sababu ya kuacha kulichukia.

Halikutuacha. Kijana asiyechaguliwa kucheza mpira aliambiwa hana namba. Fundi hodari aliitwa namba wani. Shuleni ulikuwa na namba ya mtihani. Na miaka ile ya shida, kila nyumba ilikuwa na namba katika daftari la duka la ushirika la mtaani kwetu Nguvumali. Bila namba hupati sukari wala sabuni wala ule unga wa yanga, wa mahindi ya njano, uliotoa harufu ya gunia. Yetu ilikuwa kumi na saba.

Kuweka namba kulikuwa pia ni kuweka jiwe. Alfajiri unaliacha kwenye foleni mbele ya duka, unarudi nyumbani, na nafasi yako inakungoja. Kila mtu aliyajua mawe ya wenzake. La baba lilikuwa donge la saruji lililogandia ndani ya kopo, likabaki na umbo la kopo.

Mama alitangulia kufa. Baba akafuata mwaka uliofuata, kwa kifua. Tulibaki wanne, mimi mkubwa, kidato cha nne. Matanga hayajaondolewa, baba mdogo alikuwa ameshatugawa: kitinda mimba aende Tongoni kwa watu ambao hatukuwahi kuwaona, wawili wa katikati wapelekwe kwa wakwe zake, mimi niolewe. Nyumba na namba yake abaki navyo yeye.

Balozi wa nyumba kumi alikataa kuamua. Alisema siku ya kuhakiki daftari, atakayesimama kwenye jiwe la nyumba ile ndiye atakayemwandika mkuu wa kaya. Siku ilipotangazwa, ikawa ndiyo siku ya karatasi yangu ya kwanza ya mtihani.

Jioni ya kuamkia siku hiyo baba mdogo alikuja na kalamu mpya. Mtu ambaye hakuwahi kutuletea hata kiberiti.

"Kesho kafanye mtihani wako, mwanangu. Foleni niachie mimi."

Asubuhi nilivaa sare, nikapitia dukani kwanza. Jiwe la baba nilikuwa nimeliweka mwenyewe alfajiri. Nililikuta mtaroni. Mahali pake palikuwa na jiwe jeupe la matumbawe, na nyuma yake amesimama baba mdogo.

"Shikamoo, Ba'mdogo."

"Marahaba. Bado uko huku? Mtihani utakungoja wewe?"

"Nani kalitupa jiwe la baba?"

"Baba yako yuko makaburini. Maiti hapangi foleni."

Wachache walicheka. Mama muuza maandazi aliyekuwa nyuma yake hakucheka. "Bora huyo maiti," alisema. "Alikuja na jiwe lake miaka yote. Wewe nyumba yako iko mtaa wa pili, hapa umefuata nini?"

"Haya ni mambo ya ukoo, mama. Hayakuhusu."

"Ukoo!" mzee mmoja akadakia. "Ukoo gani, wa manamba?"

Foleni nzima iliangua kicheko. Baba mdogo alikuwa ameoa kwa watu wenye mji, na huko ukweni alijitangaza kuwa mjukuu wa sharifu. Alinitazama nimsaidie kukanusha.

"Ndiyo, wa manamba," nikasema kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni. "Baba yake huyu ndiye babu yangu. Alishushwa hapa na kibati mkononi."

Nililisukuma jiwe lake kwa mguu, nikaweka letu likiwa bado linachuruzika maji ya mtaro, nikalikalia. Hakuthubutu kunigusa mbele ya watu. Akahamia pembeni yangu, akainama kila baada ya muda kunisemesha sikioni.

"Sasa wanaingia."

Baadaye: "Sasa wanagawa karatasi."

Baadaye tena, kwa upole kama anayembembeleza mtoto: "Mlango umefungwa, mwanangu. Basi tena."

Namba yangu ya mtihani ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Sikuitoa. Balozi alifika saa nne, akaitazama sare yangu, akamtazama baba mdogo.

"Namba kumi na saba?"

"Mimi."

"Umri?"

"Kumi na minane."

Akaandika. Sikurudi shule.

Haikupita miaka mingi bidhaa zikarudi. Sukari ikajaa kila genge, mitumba ikaanikwa mpaka barazani, ikawa kila kitu ruksa. Duka la ushirika lilifungwa, na daftari lake nasikia lilifungiwa karanga. Baba mdogo alipita kwetu makusudi kunicheka. "Uliacha shule kwa ajili ya kilo ya sukari," alisema uani, mbele ya wadogo zangu. Walikuwa wote watatu pale. Hakuna aliyekwenda Tongoni.

Mwaka jana alikuja tena, mzee, na fimbo. Wanawe wametawanyika. Alisimama mlangoni kwetu, katoa simu ndogo kwenye mfuko wa kanzu.

"Nipe namba yako, mwanangu. Mtu unaweza kuugua, usijue umpigie nani."

Nilimwambia asubiri. Nikaingia ndani, nikamalizia kukuna nazi, nikachuja tui, nikaosha mbuzi nikaiegemeza ukutani. Donge la baba liko pale pale nyuma ya mlango, tunazuilia mlango upepo ukivuma.

Nilipotoka alikuwa bado amesimama, simu mkononi.

Sikumpa.