Rekomande za Hamimu Fundi

Mume wangu Hamimu ni fundi cherehani, na kichwa chake ni kigumu kuliko pasi ya makaa. Nasema hivyo akinisikia.

Mwaka ule wa vita na vikwazo, wateja wa mitaa mingine ya mji waliogopa kuvuka kuja mtaani kwetu Buyenzi. Tukakubaliana kwamba Idi ikifika bila kazi, cherehani ya pili iuzwe. Ya pili ni yangu, mahari yangu.

Hamimu akachapisha karatasi sitini za bei ya kanzu na suti, tukazipeleka posta. Pontien, karani wa dirishani, akatueleza. Karatasi za chapa zinakwenda kwa bei ndogo, bahasha isigundishwe ili wakague. Rekomande, yaani barua ya rejista, ni ghali: mtu anawekewa kikaratasi sandukuni, anakuja na kitambulisho, anatia sahihi.

"Tuma za bei ndogo, Baba Zayd," nikasema.

"Apana. Rahisi huvunja upishi. Muteja wa heshima anapewa barua ya heshima."

Pesa ikatosha rekomande ishirini. Arobaini zikarudi nyumbani, chini ya kitanda.

Wiki mbili hakuja hata nzi. Nikaenda posta, Pontien akanionyesha bahasha zote ishirini zimelala pale pale. Hapa mjini nani anatumiwa rekomande? Anayeitwa na mahakama, au anayetafutwa na watu wa kodi. Mzee Nasor, mteja wetu wa miaka kumi, alipoona kikaratasi alidhani ni mahakama, akahamia kwa binti yake mtaa wa Kigobe. Nilicheka, kisha nikaikumbuka cherehani yangu, nikalia kweli.

Zile arobaini nikazituma kwa bei ndogo, bahasha wazi, bila kumwambia Hamimu. Siku ya tatu Pontien akaingia dukani na wenzake wanne.

"Tumezisoma zote, Mama Zayd," akasema bila haya. "Siku hizi posta hakuna kazi."

Wakaagiza suti tano. Nao wakawasimulia watu dirishani, na watu wakaanza kuja.

Siku mbili kabla ya Idi nilikuwa kwenye cherehani yangu, nashona kola, Mzee Nasor akaingia akitazama nyuma. Hakutaka kanzu.

"Fundi, we unajua kuandika," akamnong'oneza Hamimu. "Niandikie mahakama kwamba nimekufa."

Hamimu akanitazama. Sikuinua kichwa.

"Mwandikie, Baba Zayd," nikasema. "Itume rekomande."