Pesa Sita Zilizong'aa

Nilipoolewa Temeke, mama mkwe wangu alikuwa ameacha kushona kofia, kwani macho yake hayakuliona tena tundu la sindano. Alichotaka ni miwani. Siku moja akafungua pindo la kanga na kutoa pesa saba za shaba za Sultani, zile zenye picha ya mizani, alizoachiwa na mama yake. Karani mmoja wa bandarini, mpenzi wa pesa za kale, angekuja Jumapili kuzitazama.

Mie bibi harusi mpya, natafuta sifa. Kwetu shaba haiwekwi mbele ya mgeni na weusi wake. Birika, sinia, vyote husuguliwa kwa ndimu na majivu. Nikazisugua pesa zile hadi vidole vikaniwasha. Ya saba niliiacha kwa sababu ndimu ziliniishia.

Karani alipofika nilimwamkia, nikamwekea pesa zile kwenye sahani kwa maringo. Akainua moja, akaigeuzageuza juani.

"Nani kazisugua hizi?"

Akanionyesha, bila ukali, wekundu uliofanana kila mahali na mikwaruzo midogo iliyolala upande mmoja. Kisha akachukua ile ya saba. Ilikuwa imelika kuliko zote, mizani haionekani vizuri, lakini kahawia yake ilikuwa imeiva na weusi umetulia ndani ya herufi.

"Hii imechakaa, ila rangi ni yake mwenyewe. Hizo sita zilikuwa nzuri zaidi, lakini zimechunwa ngozi, na hairudi."

Nilitaka kusema ni mimi, nikaishia kuipangusa sahani.

"Mie ndiye niliyemwambia azisugue," mama mkwe akasema. "Uzee huu, bwana. Usimtazame mtoto wa watu."

Karani akanunua ile moja tu. Kilichopungua kwenye bei ya miwani nilikitafuta kwa kuuza maandazi, miezi kadhaa, na muda wote huo mama hakuligusia jambo lile, hata kwa mwanawe.

Siku alipoivaa miwani, kwanza aliziitisha zile sita. Akaisogeza moja karibu na pua, akacheka mpaka kanga ikamwanguka begani.

"Mwanangu, kumbe ulisugua hadi kwenye kingo! Hodari wewe."

Nililia palepale, nikamwambia asante niliyokuwa nimeibana tangu Jumapili ile. Yeye alikuwa ameshashika sindano, akaitunga uzi mwenyewe, mara moja tu.