Hakuna Aliyempa Pole Biasha

Habari za kifo cha Koplo Hussen zilifika Nangurukuru asubuhi, na Biasha ndiye aliyekuwa wa mwisho kuambiwa. Stendi nzima ilikuwa inajua. Wapiga debe walipunguza sauti kila walipopita mbele ya kibanda chake cha chai, naye akadhani labda basi limepata ajali. Hatimaye Marietha, muuza mihogo wa kibanda cha jirani, akaja na kuketi kwenye benchi la wateja, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Biasha, yule Hussen wa Mitole," akasema, "gari lao limeshambuliwa huko Kongo. Amefariki."

Biasha akaigeuza chapati iliyokuwa kwenye kikaango. Ilipoiva akaitoa, akaweka nyingine. Mteja mmoja akaomba pilipili, akampelekea.

Hussen alikuwa mume wake zamani. Walioana kabla hajaingia jeshini, wakang'oa visiki pamoja na kupanda mikorosho kwenye shamba la Mitole. Jeshi lilipomchukua, Biasha alibaki na mama mkwe. Mimba hazikukaa. Ya kwanza ilitoka, ya pili ikatoka, kisha hazikuja tena. Maneno yakaanza mle ndani, mwanzo ya mzaha, baadaye si ya mzaha. Likizo moja Hussen alirudi, akala chakula chote alichopikiwa, akanawa mikono, ndipo akamwambia kwamba anamwacha. Aliyelia siku ile ni Hussen. Biasha alifunga nguo zake, akaenda kukaa eda kwao, na eda ilipokwisha akaja Nangurukuru kuwauzia wasafiri chai, chapati na supu. Hussen akamwoa Sauda, akazaa naye watoto wawili.

Walionana mara moja tu baada ya hapo. Hussen alikuwa anatoka likizo Mitole, anasubiri basi la Dar es Salaam. Alikuja akaketi kama mteja yeyote, akaagiza supu.

"Nimechaguliwa kwenda Kongo," alisema. "Kulinda amani."

"Sauda anajua?"

"Anajua. Nimeona nawe nikuambie."

Biasha hakujua amjibu nini mtu asiye wake. Alimwambia, "Mungu akutangulie," akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Alipogeuka, basi lilikuwa limeshafika na Hussen anapanda.

Jeneza lilipoletwa Mitole kwa gari la jeshi, Biasha alipanda bodaboda akaenda msibani. Uani wanawake walikuwa wamejaa kwenye majamvi. Ndani alikuwa Sauda, amefunikwa kanga mpaka usoni, na kila aliyeingia aliinama kumshika mkono. Biasha alisimama mlangoni hajui apite au arudi. Shangazi wa Hussen akamwona.

"Wewe umekuja kama nani?" akauliza, si kwa ukali, kama mtu anayetaka kujua ampange wapi mgeni.

Biasha alikwenda jikoni. Huko hakuna anayeuliza mtu ni nani, maana siku zote mikono haitoshi. Alikuwa anakoroga sufuria la wali wakati askari walipopiga risasi hewani kule makaburini. Kuku walitawanyika, watoto wa Sauda wakaanza kulia, na wanawake wakapaza vilio. Biasha akaendelea kukoroga. Moshi wa kuni ulimpa ruhusa ya kufuta macho.

Aliporudi Nangurukuru alimwendea mwalimu wa madrasa, akamsubiri barazani mpaka watoto walipotawanyika.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama."

"Nataka kuuliza. Mtu aliyeachwa zamani, mwenzake akafariki, anakaa eda?"

Mwalimu akamtazama kwa huruma. "Eda yako uliimaliza, mama. Huyo si mume wako tena. Muombee dua kama Muislamu mwenzio."

Akashukuru, akaenda zake. Lakini hakupaka hina wala wanja tangu siku ile mpaka Ramadhani ikapita, na kanga zake za rangi kali alizikunja akaziweka chini ya godoro. Hakuna aliyegundua. Mwanamke wa supu amshughulishe nani?

Miaka ikaenda. Mama mkwe akafariki. Sauda akaolewa na mtu wa Songea, akaondoka na watoto. Mwaka huu, Siku ya Mashujaa ilipokaribia, Bakary, mdogo wake Hussen, alikuja kibandani akavua kofia.

"Shemeji," alianza. Tangu talaka hakuwahi kumwita hivyo. "Viongozi wanakuja Mitole kumkumbuka kaka. Kutasomwa dua kaburini, halafu watu watakula. Sauda hawezi kufika. Tumefikiri uje utusaidie kupika."

"Nani anasafisha kaburi?" akauliza Biasha.

Bakary akatazama chini. "Nyasi zimeota."

"Kupika tafuteni mwingine."

Lakini siku ya pili yake alikwenda Mitole na jembe. Hakupita nyumbani kwa mtu. Aling'oa nyasi, akaondoa kichuguu kilichoanza kuota pembeni, akafuta vumbi kwenye jina kwa ncha ya kanga. Alikuwa na mengi ya kusema, tena njiani alikuwa ameyapanga. Pale kaburini hayakutoka. Akasoma Fatiha, akakaa mpaka jua likamchoma, akaondoka.

Siku yenyewe alifungua kibanda kama kawaida. Magari mawili ya serikali yakasimama barabarani, wakashuka watu watano, wakaagiza chai na chapati. Mmoja alikuwa afisa wa jeshi wa makamo, mpole, mwenye karatasi ya hotuba mfukoni.

"Mama, Mitole bado mbali?"

"Si mbali. Mtafika mapema."

"Tunakwenda kwa yule koplo aliyefia Kongo. Ulimfahamu?"

Marietha, kule kwenye mihogo yake, aliacha kukata.

"Nilimfahamu," akasema Biasha.

"Mimi sikubahatika kukutana naye. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Tangu Hussen afe, hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo. Biasha akashusha birika.

"Alikuwa anaogopa nyoka," akasema. "Akimwona shambani anakimbia anakuacha hapo hapo. Na hawezi kulala bila redio. Ukiizima, anaamka."

Wale watu wakacheka, cheko la heshima. Afisa akatabasamu, akatikisa kichwa. "Hayo hayamo kwenye hotuba," akasema. Akalipa, akamshukuru, wakapanda magari na kushika njia ya Mitole.

Marietha akaja na kisu chake bado mkononi. "Ungewaambia wewe ni nani, wakakuchukua."

"Wangeniketisha wapi?"

Marietha alisimama naye kidogo, kisha mteja akamwita. Biasha akakusanya vikombe vitano, akaviosha, akavifudikiza kwenye kichanja. Basi la Lindi lilikuwa linaingia, na unga ulikuwa haujakandwa.