Tisini na Tisa

Kabla hajawa mtu mzima wa kuning'iniza miwani shingoni, fundi maabara huyu alikuwa binti mwenye papara zake, na jina la Tisini na Tisa alilipata wiki ya kwanza kazini. Mwalimu wake alimtuma azimue kingamwili, dawa inayozisaka seli za ugonjwa kwenye kipande cha nyama ili zionekane kahawia chini ya darubini. Kipimo kilikuwa moja kwa mia. Binti akaweka mikrolita moja ya dawa, akamimina mia za maji ya kuzimulia.

"Hapo una mia na moja, mwanangu," mzee alisema. "Hiyo moja imo humo humo ndani ya mia. Weka tisini na tisa."

"Jamani, Mwalimu, hiyo moja itamdhuru nani?"

"Leo, hakuna. Mwaga, anza upya."

Maabara nzima ikaangua kicheko, na jina likamganda. Siku zile alimchukia mzee. Sasa alikumbuka hata sweta lake lililotoboka kiwiko, na alivyokuwa akifoka, "Usitikise! Hiyo si chupa ya uji!" Aliyakumbuka yote, na aliyatamani.

Miaka ishirini na sita ikapita, mzee akastaafu. Asubuhi moja daktari akaleta kioo chenye kipande cha uvimbe wa shingoni. Binti wa zamani alisoma jina mara mbili. Lilikuwa la Mwalimu. Seli zikishika kahawia, dawa ya kumtibu ipo. Zisiposhika, daktari hana la kumwahidi. Na kwenye chupa ya kingamwili ilibaki mikrolita moja tu. Chupa mpya ingefika mwezi ujao.

Akaizamisha pipeti hadi chini, akavuta pole pole, pumzi kaibana. Akaongeza tisini na tisa. Hakutikisa, aliupindua mrija taratibu, huku machozi yakimtoka bila kuomba ruhusa.

Alasiri daktari alichungulia darubini, akatabasamu. Kahawia tele. Akampigia mzee simu hapo hapo, akaiweka sauti ya juu.

"Mzee, majibu yako ni..."

"Subiri kwanza. Nani kazimua?"

"Tisini na Tisa."

Kisha ikasikika sauti ileile, imechoka lakini bado na ukali wake: "Haya, sema. Hayo nitayaamini."